Nyati Waliolazwa kwenye Ukwaju

Baba yangu,

Shikamoo. Huko uliko hakuna wa kuniitikia marahaba, najua, lakini nimejaribu kuanza bila ya shikamoo na mkono umegoma. Mlitulea hivyo.

Nimechoka, baba. Niliseme hili mwanzo, nisije nikajitia adabu halafu likanichomoka katikati ya barua. Nimechoka na viwanja vya ndege. Nimechoka kuburura begi lile lile baina ya Riyadh na Jeddah mpaka zipu yake imekufa. Nimechoka kuulizwa na kila mtu, "Mama hajambo?" na kujibu, "Hajambo," huku najua kuwa siku ile ile kaacha gesi wazi akaenda zake kuswali. Tangu uondoke mimi ni mtu wa kwenda na kurudi. Nikiwa kwangu roho iko Jeddah, nikifika Jeddah simu inalia kutoka kwangu. Sasa hivi niko jikoni, Riyadh, alasiri ya mwisho mwisho wa Ramadhani, sambusa zinangoja mafuta, na mimi nimekaa nakuandikia. Salim akirudi kazini ataniuliza mbona futari haijaiva. Nitamwambia nilikuwa nazungumza na mkwewe.

Nataka nikupe habari ya nyati wako. Barua hii naiacha wazi, asome atakaye, kwa hivyo nivumilie nikiyasema hata yale unayoyajua kuliko mimi.

Ulikuwa kijana tu ulipoingia kazini kwa Abu Nasir, duka lake la kubadilisha fedha pale Balad, Jeddah, chini ya zile nyumba za mawe ya matumbawe. Baba'ko na mama'ko walikuwa wamekuja na wewe kutoka Unguja ungali mdogo, na Abu Nasir akawa kafili wako, mdhamini wa vibali vyako, tangu ndevu hazijaota. Mahujaji na Wamarekani wa mafuta walikuwa wakija na noti zao, na mifukoni mna vichele, sarafu ndogo ndogo za kwao. Noti zinabadilishwa. Vichele havina kazi, hakuna benki inayovipokea. Wenyewe walikuwa wakiviacha juu ya kaunta na kwenda zao, na Abu Nasir akivikomba na kuvitupa ndani ya ndoo ya bati chini ya meza. Siku moja ukaingiza mkono ndani ya ndoo ile, ukatoka na nyati.

Senti tano ya Kimarekani ya zamani. Wenyewe wanaiita nikeli. Upande mmoja nyati kainamisha kichwa, nundu juu, kasimama kwenye kichuguu. Upande wa pili mzee wa kabila la asili la kule, nywele kazisuka, manyoya kichwani, kakaza uso. Ulituambia ulimpenda yule mzee kwanza, nyati baadaye. "Huyu kahamishwa kwao," ulikuwa ukisema, "hebu mwangalieni mdomo wake." Abu Nasir akakuruhusu uchukue uzitakazo, na tangu siku hiyo ukawa na maradhi yako.

Nakuona ulivyokuwa ukikaa dirishani baada ya alasiri, lenzi jichoni, kanzu umeikunja magotini. Kila nyati alikuwa na bahasha yake ndogo ya karatasi uliyoikata mwenyewe. Ulinifundisha kumshika kwa ukingo, nisiguse uso. Ulinionyesha mwaka ulipoandikwa, begani kwa yule mzee, na ukanieleza kwamba wale mafundi walikosea. Waliuweka mwaka mahali palipoinuka, kwa hivyo sarafu inapokwenda mkono kwa mkono, kitu cha kwanza kufutika ni mwaka. Nyati anabaki, mzee anabaki, mwaka unakwenda. "Usiisugue, Rukia. Ule weusi ndio umri wake." Nilikuwa mdogo, sikuelewa umri gani, lakini nilishika kwa ukingo.

Na wewe ndiye uliyeyataka, baba. Usinikasirikie. Nani alikutuma kuzungumza na mke juu ya madini wakati mtu anapakua chakula? Nakumbuka ilikuwa futari, Ramadhani kama hii, na ulikuwa na furaha kwa sababu ulikuwa umepata nyati wa mwaka uliokuwa ukiutafuta. Ukamwambia Mama, "Bibie, unajua kioja? Inaitwa nikeli, na sehemu kubwa yake ni shaba." Mama akasema, "Shaba?" Ukasema, "Shaba tupu, kidogo tu ndiyo hiyo nikeli yenyewe." Akasema, "Loo," akaendelea kupakua.

Hapana mwanamke wa kwetu atakayeambiwa kitu ni shaba akakiacha kipite Idi kikiwa cheusi. Nyumba yetu ile ya juu ilikuwa na masinia ya bibi, na dele la kahawa, na chetezo. Vyote vilikuwa vikishushwa usiku wa kuamkia Idi na kulazwa kwenye beseni la ukwaju, asubuhi vikisuguliwa kwa majivu mpaka unaona meno yako ndani yake. Mama alirithi kazi hiyo kwa mama yake, naye kwa mama yake. Basi akazifungua bahasha zako moja moja. Akakulazia nyati wako wote pamoja na masinia.

Uliporudi msikitini asubuhi ya Idi walikuwa wamepangwa juu ya kitambaa cheupe, wamekaushwa, wanameremeta. Mama kasimama pembeni yao, ana hina mikononi na kanga mpya, anangoja kusifiwa. Ulisimama mlangoni na viatu mkononi. Nakumbuka viatu kwa sababu hukuviweka chini.

Mama akasema, "Si ulisema shaba?"

Nawe ukacheka, baba. Ulicheka sana. Ukasema, "Loo, Bibie! Umewaosha mpaka nyati wanaona njia ya kwao!" Mama akapiga kigelegele, sisi watoto tukapiga makofi. Kisha ukasema unakwenda juu darini kuangalia tangi la maji, na ukakawia huko. Uliposhuka uso ulikuwa umeurowesha. Nilidhani ni joto.

Baada ya hapo bahasha zikatoweka. Nyati wakahamia kwenye bati la biskuti, wote pamoja, wakigongana. Na nyati uliokuwa ukiwaleta nyumbani wakawa wa namna nyingine. Walikuwa wamechakaa, begani hapana mwaka wala alama ya mwaka. Ukiwaita vipofu. "Leo nimepata vipofu wanne," unasema ukivua kofia, na Mama anakujibu kutoka jikoni, "Waweke, nitawatibu Idi."

Akawa anawatibu kweli. Wengine hawataniamini, lakini watu wa sarafu wanalijua hili: nyati aliyefutika mwaka, ukimlaza kwenye kitu kikali, ule mwaka unaweza kurudi. Unarudi hafifu, kivuli tu, lakini unarudi. Asubuhi ya Idi Mama anawatoa beseni, anawapangusa kwa pindo la kanga, anakupa mmoja mmoja, na sisi tumekuzunguka na nguo mpya. Unamgeuza nyati kwenye mwanga. Unakaa kimya ili tuhangaike. Halafu unapiga ukelele, "Katoa mwaka! Bibie, huyu katoa mwaka!" na unautaja, na Mama anapiga kigelegele kama kazaliwa mtoto. Mtoto aliyekuwa amebahatisha mwaka ule kabla hujautaja anakata halua mwanzo. Hiyo ndiyo iliyokuwa Idi yetu. Nilipoolewa nikahamia Riyadh, nilimuuliza Salim kwao wanaamkaje siku ya Idi, akaniambia wanakunywa chai. Nilimwonea huruma.

Sasa nikuambie ya leo.

Mama haoni, baba. Ulipoondoka alikuwa akiona kidogo, sasa anaona mwanga na kiza, na mtu akisimama mbele yake anajua kuna mtu. Hawezi kukaa tena peke yake. Nimemwambia, nimemsihi, nimemletea Salim mwenyewe amwambie kwamba chumba kiko tayari. Salim anamheshimu, unamjua, yuko na maghala yake kule Al-Sulay tangu alfajiri hana neno na mtu. Mama anamsikiliza mpaka mwisho, anamwombea dua, halafu anasema, "Ahsante baba. Lakini mimi siendi kukaa kwa mkwe mikono mitupu."

"Mama, nani kakutaka kitu?"

"Hakuna aliyenitaka. Mimi ndiye ninayejua nilivyolelewa."

Basi tukarudi pale pale. Mara gesi, mara kaanguka bafuni, mara kampa mtu asiyemjua funguo za nyumba amfungulie mlango. Mpaka mwezi wa Shaabani, nilipokwenda kumwona, akanipa lile bati la biskuti kalifunga kwa leso. Akasema, "Wapeleke nyati wa baba'ko kwa mtu anayejua. Hii ndiyo akiba aliyoniachia. Nimeitunza kwa mikono yangu. Wakiuzwa, nitakuja kwako na changu." Alilibusu bati, baba. Halafu akanifukuza nisichelewe ndege.

Mtu anayejua nilimjua mmoja tu. Abu Nasir sasa anakaa Riyadh, kwa mwanawe, kule Al-Malqa kwenye majumba ambayo ukuta wake tu ungejenga nyumba yetu. Amekuwa mzee sana. Mlango nilifunguliwa na msichana wa kazi, Mkenya, Mercy. Nilikuwa nikijisemea peke yangu kwa Kiswahili, nalaani kengele isiyolia, akadakia.

"Ai! Kumbe ni mtu wa nyumbani? Ingia, mama, ingia. Madam ametoka lakini babu yuko, ameamka vizuri leo."

Alinishika mkono kama tumezaliwa pamoja. Nilipolifungua bati mbele ya mzee, akachungulia akiwa na trei ya gahawa mkononi. "Na vile zinang'aa! Nani alizisafisha hivi? Yaani huyo mtu alifanya kazi."

Abu Nasir hakuelewa Kiswahili chake. Alikuwa kamshika nyati mmoja kwa ukingo, kama ulivyonifundisha wewe, kwa hivyo nikajua nani alikufundisha. Akamtia chini ya lenzi. Akamweka. Akachukua wa pili. Halafu akacheka, kicheko kidogo cha wazee, na machozi yakamtoka hapo hapo bila ya yeye kuyajali.

"Ukwaju bado?" akaniuliza.

Nikamwambia bado.

"Hawa wamekufa, binti yangu. Halas. Ngozi yao imeliwa. Wale vipofu hawakuwa na thamani tangu mwanzo, lakini waliokuwemo kwenye bahasha..." Akanyanyua mkono, akaushusha. "Hakuna mtu duniani aliyekuwa na nyati kama wale kwa mshahara kama wa baba'ko. Idi moja tu, wakaisha."

Nikamuuliza kama ulijua.

"Alijua? Alikuja dukani siku ya pili ya Idi, duka limefungwa, akanigongea nyumbani. Akakaa pale chini, akanihadithia yote. Mimi nikamwambia, mwambie mkeo, ajue, asirudie. Akaniambia, 'Nikimwambia, hatagusa tena kitu changu nyumbani mle bila ya kuogopa.' Akanywa gahawa, akaenda zake. Wiki ile ile akaanza kuniomba vile vilivyochakaa, vile nilivyokuwa nikivitupa."

Kisha akamwita Mercy amletee kisanduku chake kutoka kabatini, akatoa bahasha ndogo ya karatasi iliyokatwa kwa mkono. Niliijua kabla hajaifungua. Ndani yake nyati mmoja, mweusi, mzima, kila unyoya wa mzee unauona, na begani mwaka umesimama wima.

"Huyu alikuwa mfukoni mwake siku ile. Ndiye pekee aliyepona. Akakaa naye mfukoni mwa kanzu, hakumtoa nyumbani hata siku moja. Baadaye sana akaja akaniambia, 'Abu Nasir, kanzu zinafuliwa, iko siku Bibie atamwosha na huyu. Nitunzie.' Ni amana. Nimeogopa nisije nikafa nayo."

Nikambusu mzee kichwani, nikatoka na bati na bahasha. Mercy alinisindikiza mpaka getini, akanifungia sambusa mbili kwenye karatasi, akasema, "Pole, mama. Sijui ni nini lakini pole." Nilikaa kwenye teksi nikalia. Wala sikulia kwa uchungu wa kufiwa, baba. Nililia kwa hasira.

Ndiyo, nilikukasirikia. Na leo ningali na kidogo. Wewe ulicheka, ukafanya mchezo wa Idi, watu wakafurahi miaka yote, kisha ukaondoka zako umelala vizuri. Mimi ndiye niliyebaki na bati. Mimi ndiye niende kwa mama kipofu nikamwambie, "Akiba uliyoniambia nikauze haina kitu, na aliyeimaliza ni wewe, kwa mikono hiyo hiyo unayojivunia." Nikimwambia hivyo atavunjika, na haji Riyadh tena mpaka kufa. Nisipomwambia atauliza, "Wameuzwa bei gani?" Ungemwambia mapema, angelia Idi moja yakaisha. Huruma yako wewe, baba, mwenye kuibeba ni mimi.

Salim alinisikiliza kwa simu njia nzima. Mwisho akasema, "Mwambie kwamba Abu Nasir kasema wasiuzwe. Basi." Wanaume wana majibu mafupi. Nikamwuliza, "Na mikono mitupu?"

Nilichelewesha. Ramadhani ikaingia, nikasema nisimsumbue na saumu. Likaingia kumi la mwisho, nikapanda ndege nikiwa na kiu na kichwa kinagonga, bati mapajani, bahasha kwenye mkoba. Nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri. Kufika, nikamkuta Mama kaketi sakafuni, na beseni lake mbele yake. Kapapasa mpaka jikoni kulichukua, kapapasa mpaka sebuleni, peke yake. Ukwaju kauloweka tayari, anaupekecha kwa vidole, anatoa kokwa anaziweka pembeni.

"Umekuja na wao?" akasema, hata salamu bado.

"Nimekuja nao."

"Abu Nasir kasemaje?"

Maneno yangu yote yakapotea. Nilikuwa nimechoka mno kwa uongo mrefu na nimechoka mno kwa ukweli mrefu. Nikakaa chini karibu yake nikasema, "Kakusalimu sana. Kasema hawa tukae nao, si wa kuuza. Na kakupa huyu, alikuwa amana ya baba kwake. Kasema huyu ana thamani." Nikamtia nyati kiganjani.

Mama akaupangusa mkono wa pili kwa kanga, vizuri, mpaka baina ya vidole. Akaupitisha ukucha wa kidole gumba juu ya uso wa mzee, taratibu sana, mpaka begani. Akasita hapo. Kisha akachukua pindo la kanga, akamfunga nyati ndani yake fundo mbili, kama anavyofunga pesa ya sokoni.

"Basi," akasema. "Huyu ndiye wangu. Nitakuja kwenu."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Utakuja Riyadh?"

"Nimesema nitakuja. Unataka niseme kwa Kiarabu? Mwaga ukwaju huu, utachacha. Kwani huko Riyadh hakuna beseni?"

Nikaenda kuumwaga. Sikuuliza kitu, baba, nilihofia nikiuliza atabadili. Tukafunga nguo zake, na picha yako, na masinia ya bibi, na dele. Majirani wakaja wakalia. Mambo ya ikama yake, kile kibali cha ukaazi, Salim akayashughulikia kwa simu. Na asubuhi ya leo tukaenda uwanja wa ndege.

Pale penye upekuzi, upande wa wanawake, nyuma ya pazia, mashine ikalia kwa Mama. Yule binti askari, mdogo, mpole, akampapasa, akafika kwenye fundo la kanga ndani ya abaya. Akamwomba alifungue. Mama akafungua. Binti akamtoa nyati akamwangalia, akaona mweusi mweusi, hajui ni kitu gani. Akamnyanyua kwenye mwanga. Halafu akafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya: akatia kidole gumba kwenye mkono wa sare yake, akaanza kumsugua apate kumsoma.

Sijui Mama alionaje. Pengine alisikia nguo. Alimdaka mkono yule askari, uwanja mzima ukasikia.

"La, la, binti! Usimsugue! Ukimsugua anakufa!"

Mimi nilikuwa nimesimama na viatu mkononi. Yule binti akashtuka, akaomba radhi, akamrudishia. Mama akamfunga tena fundo mbili. Nikasema, "Mama." Akasema, "Vaa viatu, ndege itatuacha."

Tukapanda ndege. Nikamfunga mkanda, nikamwekea mto mgongoni. Nikadhani kasinzia. Kisha akasema, kama anayeendelea na mazungumzo tuliyoyaanza zamani:

"Kanzu za baba'ko nani alikuwa akizifua? Nilikuwa nikimkuta mfukoni. Namtoa, nafua, napiga pasi, namrudisha pale pale. Mwaka unaingia, mwaka unatoka. Mtu anaficha kichele kimoja kisiingie kwenye beseni la mkewe, na vingine vyote anamletea mwenyewe. Mimi mjinga, lakini si mjinga kiasi hicho."

"Na hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Ulikuwa ukiiona furaha yake asubuhi ya Idi? Na ule ukelele wake, 'Katoa mwaka, Bibie'? Nilikuwa nikingoja ukelele ule toka Idi mpaka Idi." Kisha akasema, "Siku moja nikatia mkono mfukoni, hayumo. Nikajua kanikimbizia. Niliumia siku ile. Sikumwuliza."

Akageuza uso upande wa dirisha, ijapokuwa dirisha kwake ni mwanga tu, akashika fundo lake mpaka tukatua. Nami hasira niliyokuwa nayo juu yako sikujua niiweke wapi. Nilikuwa nimeibeba kwa ajili yake, na mwenyewe hakuihitaji.

Sasa kalala chumba cha pili, baba. Kabla ya kulala kaniagiza mambo mawili. Kwanza, amwone mkwe wake akirudi, ampe kitu chake mkononi mwenyewe, asije akasema kaja bure. Nitamwambia Salim apokee, na akishapokea amrudishie Mama amtunzie. Pili, ninunue ukwaju. Si wa chupa, wa kokwa.

Nimeununua. Uko hapa mezani, na beseni liko chini ya sinki. Mwezi ukionekana kesho, nitawalaza vipofu wako pamoja na masinia, na asubuhi Mama atawatoa na kuwapangusa kwa pindo la kanga, kisha atanyoosha mkono kwangu, kwa sababu wewe hupo na yeye haoni. Lenzi yako ninayo. Nimewaangalia jana mmoja mmoja, nikaona wale waliokuwa na mwaka wa kutoa wameshautoa wote, zamani, mbele yako. Waliobaki begani hapana kitu. Hapatakuwa na kitu tena, hata walazwe bahari ya ukwaju.

Lakini atauliza, baba, "Katoa?" Nami nitamgeuza nyati kwenye mwanga, nikae kimya ili ahangaike. Kisha nitapiga ukelele, na nitamtajia mwaka.

Lala, baba yangu. Sambusa zangu bado, na adhana haikawii.

Mwanao,
Rukia